Sahani ya Mwisho wa Mwezi

3 Februari

Wifi yangu mpendwa, Bi Dobi wa hospitali,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mama hajambo, ila macho yanazidi kumchezea. Juzi alilisalimia kwa heshima zote koti la kaka yako lililotundikwa mlangoni, na koti lilipokosa kuitikia akaliuliza limelelewa wapi. Kaka yako mzima. Gereji imempandisha, sasa ndiye mkubwa wa mafundi breki, na siku hizi hata kikohozi chake kimekuwa cha bosi. Mimi niko palepale kwenye tanuri, unga mpaka kwenye kope.

Sasa la maana. Deni la nyumba limekwisha. Siku ya malipo ya mwisho kaka yako alitoka benki, akakaa kwenye ngazi, akacheka peke yake mpaka mlinzi akaja kumuuliza kama yuko sawa. Mwisho wa mwezi ulipofika tukalipa umeme, maji, chakula na nauli, dawa za mama zikatoka kwenye zile pesa unazotuma wewe, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika ukoo wenu pesa zikabaki mezani. Hatukujua tuzifanye nini. Tulizitazama tu.

Ndipo mama akasema, "Leteni sahani."

Wifi, mliponisimulia habari za sahani ya marehemu baba mkwe nilidhani mnanitania bibi harusi. Kumbe kweli! Pesa zilizobaki zinawekwa kwenye sahani katikati ya meza, kila mtu anasimama kwa zamu kusema zitumikeje, na hakuna ruhusa ya kujiombea. Unamwombea mwenzako. Wasipokubaliana wote, sahani inafunikwa mpaka mwezi ujao.

Basi kaka yako akasimama, akakohoa kile kikohozi, akamwombea mama gari. Ndiyo, gari! Kuna fundi mwenzake anauza kikuukuu chake, na eti mama atapelekwa kliniki kwa starehe. Mama anakwenda kliniki mara mbili kwa mwaka. Mama naye akasimama, akamwombea kaka yako taa ya jikoni, ya kuwaka mtu akibonyeza kengele ya mlangoni, ili mwanawe akirudi kazini asisubirishwe nje. Mimi nikamwombea mama godoro. Hatukuafikiana. Sahani imefunikwa.

Tafadhali usinipigie simu. Hiki kisimu changu kinakoroma tu. Andika. Barua naweza kuirudia nitakavyo.

Wifi yako, Bi Mikate

*

20 Februari

Bi Mikate, wifi yangu wa pekee,

Salamu zako zimefika na zimenikuta mzima. Chumba changu ni kilekile, dirisha lilelile, jirani yuleyule anayefanya mazoezi ya tarumbeta bila maendeleo yoyote. Kazini shuka ni zilezile. Wagonjwa wanapona, wanakwenda zao, shuka zinabaki kwangu.

Nimecheka mpaka msimamizi akanitazama kwa jicho la pembeni. Kaka hajabadilika hata chembe! Tulipokuwa watoto alisimama mbele ya sahani akaniombea mimi mpira wa miguu, kwa ajili ya afya yangu. Baba akaununua, akanikabidhi mimi, akamwambia kaka aombe ruhusa kila atakapotaka kuupiga. Nilimtesa mwaka mzima. Sasa nakuambia, hilo gari ni mpira mwingine. Na mama na taa yake, ndiyo uzee huo, anaogopa giza na hataki kusema.

Mtu pekee aliyeitendea haki sahani ni wewe, na sishangai. Baba alisema sababu ya sheria ile ni kwamba huwezi kumwombea mtu kabla hujamtazama vizuri. Wewe ndiye unayemtandikia mama kitanda, unajua mbavu zake zinavyogusa mbao. Mimi binti yake wa kuzaa nilikuwa sijui kama godoro limechoka. Nakuheshimu sana, wifi, na leo nimeona nikuambie badala ya kukutania tu.

Ila nina swali. Nilikuwa nimekwisha kukupigia kabla barua yako haijafika. Nimepiga mara kadhaa mwezi huu, simu inaita mpaka inakata. Ni simu ndiyo inayokoroma, au kuna jambo?

Dobi wako

*

16 Machi

Bi Dobi,

Huku kwema. Mama anakusalimu, na anasema mwenye tarumbeta apewe pole. Kaka yako amenunua viatu vipya vya kazini na anavivua mlangoni kwa madaha, kila mtu avione.

Umeniuliza kama kuna jambo. Hakuna. Nimechoka tu. Pale kazini tanuri limezeeka. Wiki hii mikate imetoka mibichi katikati, tajiri akanisimamisha mbele ya vijana wote. Wifi, unajua mimi mkate siupimi kwa saa. Naugeuza, naugonga chini kwa kifundo cha kidole, ukiwa umeiva unanijibu. Nimefanya hivyo tangu ujana wangu na sijawahi kuuza mbichi. Sasa nagonga naona uko sawa, ukikatwa ndani ni uji. Tanuri hilo, hakuna kingine.

Na watu wa siku hizi, sijui vipi huko kwenu, wanaongea wakielekeza mdomo kifuani. Jirani wa mbele amenuna, anasema ananisalimia nampita kama mti. Nimemwambia afungue kinywa. Halafu barabara ya kwenda kazini imejaa malori yasiyo na adabu. Moja lilipita karibu mpaka likanipokonya mkoba, nikaja kuliona limeshanipita.

Sahani tumeifunua tena. Kaka yako, gari. Mama, taa. Nilimwambia kaka yako mbele ya mama kwamba ana uroho, na badala ya kujitetea akainama akafunga kamba za kiatu. Wifi, alikuwa hana kiatu, alikuwa na kandambili. Sikuelewa. Tumefunika.

Wifi yako

*

2 Aprili

Wifi yangu,

Natumaini mama hajambo na kandambili za kaka hazijambo. Mimi mzima.

Leo sitakutania. Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaenda kazini, nikarudi nikaisoma tena. Unajua ninapofanya kazi. Zile mashine za kufulia zinanguruma kutwa nzima, na wenzangu wa siku nyingi masikio yao yameondoka kidogo kidogo. Nimewaona wanavyoanza. Kwanza simu inakuwa mbovu. Halafu watu wote wanaongea kifuani. Halafu wanachagua kiti kinachotazama mlango, na wanacheka wenzao wakicheka, nukta moja baadaye. Kila mmoja wao alikuwa na tanuri lake la kulaumu.

Wifi, si tanuri. Ni masikio yako.

Nimeyaandika na mkono haukutaka. Lakini lori lile linaniogopesha kuliko kununa kwako. Umri wako ni mdogo kuliko unavyojifanya, na kuna kifaa cha kuvaa sikioni, hata hakionekani sana ukifunga kitambaa. Ni ghali, si uongo. Mmoja wetu hapa anacho, na siku ya kwanza alisimama chini ya bomba linalovuja akalisikiliza utadhani kuna mtu anamsimulia.

Mimi ni mtoto wa nyumba ile na bado nina haki ya kusimama mbele ya sahani, hata kama ni kwa karatasi. Najua barua zangu huwa unawasomea wewe, kwa kuwa mama haoni na kaka ni mvivu. Basi wasomee na hii. Inasema: namwombea mke wa kaka yangu masikio. Amemlisha mama kwa mkono wake, ameibeba nyumba nzima begani na hajawahi kusema bega linauma. Mimi niliyeondoka niliweza kuondoka kwa sababu yeye alibaki. Pesa za sahani ziende kwake.

Dobi wako anayekupenda

*

5 Mei

Wifi,

Salamu. Mama hajambo. Kaka yako hajambo. Mvua zinanyesha.

Barua yako niliwasomea, walifurahi. Kile kipande cha mwisho nilikiruka.

Sijakuruhusu uniombee kitu. Nyumba hii ina paa linalovuja upande wa choo na mama ana godoro la mbao tupu, halafu mimi nivae dude sikioni? Unajua tajiri atasema nini? Ameshasema mwezi ujao huenda akanitoa kwenye tanuri, anipeleke mezani kufunga mikate kwenye karatasi. Akiniona na dude hilo ndiyo nimempa sababu. Kufunga mikate ni kazi nzuri, watu wanaifanya. Lakini mimi si mtu wa kufunga, wifi. Mimi ndiye ninayejua umeiva.

Kila asubuhi naugonga nasubiri. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote maneno haya na sasa umenifanya niyaandike. Siku nyingine nausikia. Siku nyingine naukisia, kisha naogopa mpaka utakapokatwa. Mwanamke mzima naogopa mkate.

Basi yaishe hapo. Tuandikiane mambo mengine. Tarumbeta inaendeleaje?

Wifi yako

*

21 Mei

Wifi yangu mkaidi,

Tarumbeta inaendelea vibaya. Mimi mzima. Msalimie mama.

Naona bora uyasikie kwangu: nimemwandikia kaka. Barua nimeituma gerejini kwake, si nyumbani, maana nyumbani anayepokea barua ni wewe na ungeiruka kuanzia juu mpaka chini. Nimeiandika kwa herufi kubwa, sentensi fupi, kama za mtoto wa darasa la kwanza, ili asipate kisingizio. Nimemwambia aachane na ndoto za gari, amtazame mkewe. Nimemsema vikali kidogo. Kwa kweli nimemsema vikali sana.

Ukitaka kuninunia, ninunie. Ukinuna wewe angalau nitakuwa na hakika uko hai, hujagongwa na lori ukitafuta mkoba.

Bado nakupenda.

Dobi

*

9 Juni

Bi Dobi, mchonganishi mkubwa wewe,

Kaa kwanza. Umekaa?

Mama hajambo, sote hatujambo, na nakuandikia macho yamevimba.

Jumapili ya mwisho wa mwezi tulikaa mezani. Kaka yako akatoa barua yako mfukoni, ina alama za grisi kila pembe. Akasimama. Wifi, unajua anavyosoma. Alisoma kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini alisoma yote, hata pale ulipomwita mroho asiyemjua aliyemwoa. Na alikuwa amegeuka akanitazama usoni, akisema polepole, ili nione midomo.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba amekuwa akifanya hivyo siku nyingi. Mtu haongei hivyo bila mazoezi.

Nikamuuliza, "Ulijua?"

Akasema, "Tangu mwaka jana. Dereva wa lori alikuja gerejini kutengeneza breki, akanisimulia mama mmoja mwenye unga nguoni ambaye amempigia honi mpaka mkono ukauma, na mama hakugeuka. Nikajua ni wewe. Ndiyo maana nilitaka gari. Nikupeleke kazini kila alfajiri, usitembee barabara ile."

Nikasema, "Si ulisema ni la mama?"

Akasema, "Ningesema ni la nini, mke wangu? Ulikuwa umekazana kuficha. Nikaona nikuachie heshima yako."

Hapo mama akapiga meza. "Na taa yangu mlidhani ni ya nini? Nimekaa nje kwenye mvua nabonyeza kengele mpaka kidole kimekufa, na huyu mtoto yuko jikoni anaimba! Mimi giza naliogopea nini, nalo ndilo ninaloishi?"

Wifi, wote wawili! Miezi yote hiyo nawaona waroho na wazembe, nakuandikia wewe tunawacheka, kumbe mezani pale mtu aliyekuwa akiombewa ni mmoja tu na ni mimi. Kila mmoja anazunguka mbuyu, anaomba kitu cha pembeni, na hatukubaliani kwa sababu hakuna aliyetaja jambo lenyewe. Na mimi nimemwita mume wangu mroho naye akafunga kamba ambazo hana.

Nimelia, nikamwomba radhi. Akaniambia niache, atachelewa kulala. Ndiye huyo kaka yako. Nimeishi naye miaka yote hii, nikidhani namjua mpaka kisogo, na juzi nimemwona upya. Nafurahi niliolewa kwenu. Sijawahi kukuambia hivyo na leo nakuambia.

Wiki ijayo napimwa masikio. Yeye ndiye anayenipeleka, kwa gari la kuazima.

Wifi yako aliyeshindwa

*

27 Juni

Wifi yangu,

Nimeisomea barua yako juu ya rundo la foronya na nimezilowesha, ikabidi nizirudishe kwenye mashine.

Mwambie kaka nimefuta kila neno. Hapana, usimwambie. Nimemwandikia mwenyewe, kwa herufi kubwa. Nilikuwa nikijiona mjuzi wa mambo kwa sababu nilikisia kutoka mbali, naye alikuwa amekwisha kuona akiwa karibu, akanyamaza, akabeba lawama. Baba angemshika mkono. Na mama, mama asiyeona, ndiye aliyeona kuliko sisi wote.

Nieleze kila kitu cha vipimo. Usinirukie hata mstari.

Dobi wako

*

18 Novemba

Bi Dobi,

Salamu kutoka nyumba yenye kelele. Hujui nyumba hii ina kelele kiasi gani! Jokofu linanung'unika. Mama anaongea na redio na kuibishia. Kaka yako, nasikitika kukuarifu, anakoroma, na miaka hii yote alikuwa akiniambia ameacha.

Nisamehe barua zangu za karibuni zilikuwa fupi. Kifaa kinataka mazoea, wiki za kwanza nilikuwa nakivua kila saa kichwa kikiuma. Sasa nakisahau hadi wakati wa kulala. Kazini nilikwenda nacho bila kitambaa, nimekaza moyo. Nikachukua mkate wa kwanza, nikaugonga. Nikasikia bado mbichi, nikaurudisha ndani kidogo, nikautoa tena, nikaugonga, nikaupeleka kwa tajiri nikamwambia akate. Akakata. Tangu siku hiyo habari za kunipeleka kufunga karatasi hazijasikika, na kijana mmoja wa pale kaniomba nimfundishe kugonga.

Malipo ya kifaa tumeyamaliza mwezi uliopita. Taa ya mama tumeiweka, kwa sababu usiku nakivua, na kwa sababu mama hakubali kushindwa. Godoro amepata. Gari tumelisahau, fundi yule amemuuzia mtu mwingine, nalo limeshamharibikia.

Sasa nije kwenye Jumamosi ile niliyokupigia simu.

Nilikuwa na hamu na sauti yako, wifi. Mwanzoni nilisikiliza sauti yenyewe tu, si maneno. Ukaniambia uko chumbani, umejilaza, umejifunika, unapumzika siku yako. Nikasema vizuri, pumzika. Tukaongea habari za tarumbeta, tukacheka, tukaagana.

Lakini nyuma yako kulikuwa na mngurumo. Haukuwa wa gari wala wa mvua, ulikuwa unazunguka. Halafu ukapungua, ukaanza mwingine. Na kabla hujakata, mwanamume akaita kwa sauti, "Zamu ya pili, shuka za wodi ya chini!" Nawe ukaziba simu kwa mkono, lakini hukuiziba vizuri.

Jumamosi iliyofuata sikukupigia wewe, nilipiga simu ya ofisi ya chumba cha kufulia, ile namba iliyo nyuma ya bahasha zako. Akapokea mama mmoja mwenye sauti nzuri. Nikamuuliza kama upo. Akasema, "Yupo, Jumamosi yupo daima, na Jumapili asubuhi pia. Ana mama mgonjwa kwao, anatuma dawa." Alivyokutaja nilijua wanakuheshimu huko, na nikaona fahari, halafu nikaona aibu, halafu fahari tena.

Miaka yote unatuandikia kwamba wewe mzima, chumba kilekile, dirisha lilelile. Kwenye barua hukusema uongo hata mara moja. Uliruka tu kipande.

Jumapili ya mwisho wa Oktoba sahani ilikuwa mezani na ndani yake mna pesa zisizo na mwenyewe. Nikasimama kabla ya kila mtu. Nikakutetea wewe. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nimeyafanyia mazoezi mbele ya tanuri, na sikufika hata nusu. Kaka yako alisema, "Imepita," akatoka nje, na nilimsikia uani akipenga kamasi. Mama alinyoosha mkono akaitafuta sahani mezani, akaisukuma upande wangu.

Kwa hiyo dawa za mama kuanzia mwezi huu zinatoka hapa. Usitume kitu, tutarudisha. Jumatatu nenda kwa msimamizi wako umwambie kwamba Jumamosi na Jumapili hufanyi kazi tena. Akikuuliza sababu, mwambie kwenu wamekataa.

Wifi yako